Doa Juu ya Wingu

Mama Chintan hakuwa mtu wa kuvumilia doa. Nilikaa naye miaka sita Mtaa wa Sikukuu, mimi mbele na mitumba yangu ya watoto, yeye nyuma na studio yake yenye dirisha linalotazama barabara ya pembeni, katikati yetu pazia la plastiki la bluu, na katika miaka hiyo sikumwona akipita karibu na kitu chenye alama akakiacha. Kikombe, kioo cha dirisha, upindo wa kanga yangu, vyote alivisimamia. Lakini kazi yake hasa ilikuwa nyuso. Mumewe, Mzee Shashikant, alipiga picha. Yeye alikaa dirishani na kisu chembamba kama ukucha na penseli iliyochongwa mpaka ikawa sindano, akawaondolea watu chunusi, makovu na usingizi. Mabibi harusi wengi wa Kariakoo wa miaka ile walitoka mle ndani wazuri kuliko walivyoingia, na sikusikia hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Alinifundisha kazi yake bila mimi kuomba, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza. Negativu, alisema, ni dunia iliyogeuzwa: cheupe kinakuwa cheusi, cheusi kinakuwa cheupe. Kovu jeusi la usoni kwenye filamu ni kitundu cheupe, na hicho unakijaza kwa penseli. Lakini kitu kinachong'aa, tuseme jasho kwenye paji la uso, kwenye filamu kinatokea kama doa jeusi, na hilo halijazwi, linakwanguliwa. Alikuwa anashika pumzi, anakwangua ngozi ya filamu kidogo kidogo mpaka doa lipauke lifanane na jirani zake. Ukizidisha umetoboa. Katika miaka sita hakutoboa hata mara moja, na naomba msomaji akumbuke hilo, maana ndilo lililomponza.

Mimi naitwa Anifa, mtu wa Lindi. Niliingia pale mwaka tisini na moja, wakati ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje ilikuwa imeshaingia mjini na kukaa kitako. Kariakoo ililetewa kila kitu: redio, viatu, sabuni za kunukia, na mashine za kusafisha picha za rangi kwa saa moja. Nani tena angengoja siku tatu kupata picha nyeusi na nyeupe? Wateja wakapungua, wenye studio wakakigawa chumba chao mapande mawili, la mbele wakanipangisha mimi. Kwa maneno mengine, nilipata pa kufanyia biashara kwa sababu wao walikuwa wanaikosa ya kwao. Sikulifikiria hilo wakati ule. Nilikuwa na haraka ya maisha, na ulimi wangu ulikuwa na haraka zaidi.

Mzee Shashikant alikuwa mrefu, mpole, mwenye kovu kwenye nyusi ya kushoto alilolipata utotoni kwa kuanguka na baiskeli. Macho yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Ya mbali yalikuwa makali, angeweza kukusomea bango lililo upande wa pili wa viwanja vya Mnazi Mmoja, lakini kilichokuwa kiganjani mwake hakukiona. Tena daktari alikuwa amemwambia mtoto wa jicho ananyemelea jicho la kushoto. Ndiyo maana mambo yote ya karibu, kuanzia uzi na sindano mpaka negativu, yalikuwa ya mkewe.

Mwaka tisini na mbili ukaja mgao wa umeme. Mabwawa yalikauka, mji ukawa unazimwa kwa zamu, jioni zetu zikawa za vibatari. Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa moja yenye paa la zege, na mzee akazoea kupanda huko juu kupunga upepo. Asubuhi moja ya Desemba akaja upande wangu kabla sijamaliza kutundika nguo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Anifa, jana saa mbili usiku nimeona kitu."

"Kitu gani tena?"

"Kulikuwa na radi kusini, mbali sana, huko kwenu. Ngurumo yake haifiki huku. Wingu liko chini kabisa, linamulika-mulika. Halafu juu yake, juu sana, shubiri nzima," akanyoosha mkono kunipimia hewani, "mahali penye nyota tu, pakawaka wekundu. Kama mhogo umeng'olewa na mizizi yake inaning'inia. Ukipepesa jicho, hakuna."

"Kwetu Lindi mihogo tunaichimba chini, mzee. Haioti angani."

Alicheka kidogo, kwa adabu, akarudi ndani. Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshamsimulia Sadalla, fundi redio wa jirani, Sadalla akawasimulia wateja wake, na mpaka wiki inakwisha Mzee Shashikant alikuwa na jina jipya mtaani. Walimwita Mzee Mihogo. Jina hilo nililitunga mimi.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Sadalla alisema ni pombe, ingawa mzee hakuwahi kuigusa. Mimi nilisema ni cheche za jiko la mtu. Mama Chintan alisema ni lile jicho la kushoto, na yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anaogopa, maana mzee hakunyamaza. Alichukua kamera yake kubwa ya filamu pana akawa anaipandisha juu ya paa masika ya mwaka uliofuata na vuli yake, kila jioni radi ilipomulika upande wa kusini, nyuma ya mapaa ya karakana za eneo la Gerezani. Anaifungua lenzi, anangoja, anaifunga. Ngazi ya kupanda huko ilikuwa ya chuma, nyembamba, haina pa kushika. Siku moja aliteleza akachunika muundi mzima. Mkewe akamfunga kitambaa, kisha akaja upande wangu wa pazia akasimama tu.

"Huyu ataanguka," akaniambia. "Ataanguka afe kwa ajili ya kitu ambacho hakipo."

"Si umwambie asipande."

"Namwambia. Anasema mpaka apate picha moja."

Filamu alizisafisha mwenyewe katika chumba cha giza, kwa mazoea ya mikono. Kuzitazama ilikuwa kazi ya mkewe. Kwa hiyo asubuhi yake mzee alisimama nyuma ya kiti cha mama, mikono mgongoni, anauliza, "Kuna kitu?" na anajibiwa hakuna. Ilikuwa kweli, hakukuwa na kitu. Radi chini, giza juu. Asubuhi nyingi zilikwenda hivyo, nami nyuma ya pazia nikawa nalingojea lile swali kama watu wanavyongojea kichekesho wanachokijua.

Asubuhi moja ya Novemba mzee alikwenda kwanza sokoni kununua mboga, na mama akabaki dirishani na filamu ya jana yake. Aliporudi akasimama mahali pake pa siku zote.

"Kuna kitu?"

"Hakuna."

"Tazama tena, Hansa. Jana nimeiona wakati lenzi iko wazi. Safari hii nina hakika."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita mkewe kwa jina. Nilinyamazisha hata hanga zangu za nguo.

"Nimetazama," akasema mama. "Hakuna."

"Basi," akasema mzee.

Aliteremsha kamera siku ile ile na hakupanda tena. Mojawapo ya picha za usiku ule mama aliikuza, akaitundika dirishani: radi imechanua chini, juu yake mbingu nyeusi, safi, haina hata punje ya vumbi. Ilikuwa picha nzuri na wapita njia walisimama kuitazama. Mzee peke yake hakuitazama. Alipungua maneno, hata zile salamu za asubuhi zikawa za kuinua mkono tu, na Agosti iliyofuata moyo ulisimama akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Walimchoma kwa taratibu za dini yao. Kwenye ukuta wa studio picha yake ikavishwa shada la maua na kufukiziwa ubani kila jioni. Nilipoitazama vizuri nikaona lile kovu la nyusi halipo. Mama alikuwa amelifuta. Nikasema moyoni, huyu mama hata marehemu hamwachii kovu lake, nikaona nimesema neno la maana.

Miaka miwili iliyofuata ndiyo iliyonionyesha upweke. Jirani zake wa zamani walikuwa wameshahamia Upanga au nje ya nchi, na waliobaki walikuja kumpa pole, wakanywa chai, wakaangalia saa. Nilimsikia nyuma ya pazia akisema Kigujarati na hakuna anayemjibu. Chintan, mwanawe wa pekee, alikuwa Leicester, Uingereza. Alipiga simu kila Jumapili, wakaongea dakika tano, na nyingi katika hizo zilikwenda kwenye kuulizana kama kuna mvua. Mama aliendelea kupika chapati za watu wawili kwa sababu mkono haukujua kupima za mtu mmoja. Ya mzee alinipitishia mimi chini ya pazia, kwenye sahani ya bati. Nilikula chapati za marehemu miaka miwili, na sikumwambia kwamba na mimi jioni nakwenda kwenye chumba kitupu, kwamba mume wangu alikwenda Tunduru kutafuta vito na hakuleta hata salamu. Kila mtu alikaa upande wake na lake.

Mwaka tisini na sita Chintan akaamua. Nyumba ilikuwa imepata mnunuzi, naye angekuja Desemba kumchukua mama yake. Mama hakukataa wala hakukubali. Alianza kufunga masanduku.

Ulikuwa umebaki mwezi mmoja alipoingia kijana mwenye fomu mkononi. Alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, anaitwa Gaudens, anajiandaa kurudi chuoni kusoma zaidi, na fomu yake moja ilidai picha za pasipoti nyeusi na nyeupe. Alifika dirishani, akaiona ile picha ya radi, akaisahau fomu.

"Shikamoo mama. Hii kapiga nani?"

"Marahaba. Marehemu mume wangu. Juu ya paa hapa."

"Hakuwahi kuona kitu juu ya wingu? Sisemi kwenye wingu. Juu yake, mbali kabisa."

Nilikuwa nimeshika hanga. Nikaacha kutundika. Mama Chintan aliweka kikombe chake chini taratibu.

"Kitu kama nini?"

Gaudens hakujua amegusa wapi, akaeleza kwa furaha ya mwalimu aliyepata darasa. Radi tunayoijua, alisema, inashuka chini. Lakini zipo chache zenye nguvu sana, ambazo zikishuka zinalikamua wingu umeme wake kwa mkupuo mmoja, na wingu likikamuliwa hivyo, anga ya juu yake nayo inashtuka. Huko juu, kilomita sabini au themanini, hewa ni haba mno. Akatuonyesha ile taa ndefu ya tyubu ya studio. Mle ndani hewa imetolewa, akasema, ikaachwa gesi kidogo sana, ndiyo maana umeme unapita na gesi inawaka. Gesi ingekuwa nyingi isingewaka kirahisi hivyo. Basi huko juu ya radi ni kama tyubu isiyo na kioo. Chembe za umeme zinakimbia, zinaigonga nitrojeni ya hewa, nitrojeni inawaka, inazima kabla hujamaliza kushangaa. Haina sauti inayotufikia.

"Watu wameona miaka mingi," akasema. "Hata marubani. Wengi walinyamaza, waliogopa kuambiwa wamechoka. Majuzi tu ndiyo wataalamu wamepata picha, wakakubali. Nimesoma kwenye jarida pale maktaba."

"Kwa nini watu wengi hawaoni?" mama akauliza.

"Aliye chini ya mvua haoni, wingu limemfunika. Anayeona ni aliye mbali, mahali pakavu, penye giza, tena awe anatazama huko huko. Mjini taa zinazuia."

Nikakumbuka mgao, na mji mzima umezimwa, na mtu mmoja juu ya paa.

"Rangi yake?" mama akauliza.

"Nyekundu, mama."

"Na umbo?"

"Yanatofautiana. Mengine kama karoti. Mengine yana kichwa juu, chini yanashusha kama mizizi."

"Kama mhogo uliong'olewa," nikasema.

Gaudens akanigeukia, uso umemchanua. "Hasa, dada. Wewe uliona wapi?"

Mama alimkalisha kwenye kiti, akaenda nyuma ya kamera, kazi aliyoirithi kwa mumewe, na mara ya kwanza tangu aianze ikabidi arudie kupiga. Akamwambia aje kesho saa nne.

Jioni ile sikusikia harufu ya ubani. Nilikaa na kimya cha upande wa pili mpaka kikanishinda, nikafunua pazia bila hodi. Mama alikuwa amekaa sakafuni chini ya picha ya mumewe, ameipa mgongo.

"Lilikuwepo, Anifa."

"Nini?"

"Doa. Ile asubuhi ya mwisho, yeye yuko sokoni. Doa jeusi juu ya radi, lina mizizi. Dawa yetu ya kusafishia ilikuwa ya zamani, ilikuwa inaacha michirizi kila siku. Nikasema ni dawa. Miaka thelathini naondoa madoa ya dawa, nitashindwa kulijua? Nikasema, akilisikia hili doa atasema ndilo, atapanda tena, ataanguka. Nikalikwangua. Aliporudi akaniuliza." Akatazama mikono yake. "Nikamwambia hakuna. Na kweli, lilikuwa halipo tena."

Nilitaka kumwambia kwamba hakujua, kwamba alimpenda, lakini hayo alikuwa ameshajiambia na hayakumsaidia. Nikakaa sakafuni karibu naye.

"Mimi ndiye niliyemwita Mzee Mihogo," nikasema.

"Najua. Na yeye alijua."

"Alisemaje?"

"Alisema, angalau Anifa alinisikiliza vizuri."

Nililia, na sioni aibu kulisema. Tulilia wote wawili, kila mmoja kwa namna yake, yeye bila sauti.

Asubuhi tulivuta maboksi ya negativu kutoka chini ya ngazi. Mende walikuwa wamekula karatasi nyingi za kufungia, lakini filamu za mzee zilikuwa nzima, kila moja na tarehe yake. Mama aliipata ile ya Novemba, akaishika wima mbele ya dirisha. Radi chini, juu hakuna kitu. Kazi yake ilikuwa kamilifu, hata mimi nilijua. Kisha akailaza, akaisogeza mpaka jua likawa linaipiga ubavuni, kama unavyoinamisha sahani kuona kama imebaki na mafuta. Ngozi ya filamu iliyopitiwa na kisu haing'ai sawa na nyingine. Pakatokea kichwa kipana, na chini yake mizizi mitano inashuka, mmoja mrefu kuliko mingine. Alikuwa amekwangua doa tu, hakugusa nje yake hata unywele, kwa hiyo umbo lilikuwa limebaki lote.

Gaudens alipokuja saa nne tulimwonyesha bila maelezo mengi. Aliinama mezani muda mrefu.

"Ndilo," akasema. "Mama, ndilo lenyewe. Tarehe ipo, upande tunaujua. Lakini..." Akauliza polepole, "Haliwezi kurudishwa?"

"Linaweza," akasema mama. "Palipokwanguliwa penseli inashika vizuri. Nusu saa."

"Na mtu atajua?"

"Mimi nikijaza, hakuna atakayejua."

Wote watatu tukaitazama penseli. Ilikuwa pale pale kwenye kikopo chake. Gaudens alisema angeweza kuipeleka chuoni, kuna wataalamu wangefurahi, jina la marehemu lingeandikwa mahali. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa anataka jambo la kweli lionekane kuwa kweli. Na mimi nilikuwa mbaya zaidi yake, kwa sababu mimi nilikuwa na deni la jina.

"Jaza, mama," nikamwambia. "Si alikuwa anasema kweli? Mpe haki yake."

Mama Chintan alichukua penseli, akaichonga upya juu ya msasa mpaka ncha ikawa haionekani. Akaweka filamu kwenye kioo chake cha kazi. Akashika pumzi, kama nilivyomwona akifanya mara elfu. Nikawa namwombea mkono usitetemeke, na haukutetemeka. Ncha ilifika juu ya filamu, ikasimama hapo, haikugusa.

Akaiweka penseli chini.

"Alitaka picha moja, ya kwake," akasema. "Nikichora hapa itakuwa yangu. Nimeshamfutia mara moja. Sitamchorea."

"Kisayansi, ikibaki hivi si ushahidi," Gaudens akasema, kwa upole. "Watasema ni mkwaruzo."

"Ni mkwaruzo, mwanangu. Niliukwaruza mimi."

Gaudens alichukua picha zake za pasipoti, akaaga. Mlangoni aligeuka akaitazama tena ile picha ya dirishani, halafu akaenda zake kuelekea Msimbazi. Sikumwona tena. Natumaini alipata nafasi yake.

Wiki zilizobaki mama alifanya kazi mchana kutwa katika chumba cha giza, na aliponiona nachungulia alivuta pazia. Kitu kimoja tu nilikiona: alichapisha upya picha ya mumewe, akaivika shada. Safari hii kovu lilikuwepo kwenye nyusi ya kushoto. Mzee alirudi kuwa yule ninayemjua, tena alikuwa kama anataka kuniambia jambo.

Jioni kadhaa tulipanda wote juu ya paa, mama mbele na mimi nyuma nikiishika ile ngazi. Tulitazama kusini. Mara mbili radi ilimulika mbali, lakini umeme ulikuwa umerudi mjini, taa za bandarini na za barabarani zimeufifisha upande wote ule, na hatukuona chochote juu yake. Mama hakulalamika. Alikaa pale alipokuwa akikaa mumewe, kwenye ndoo iliyogeuzwa, mpaka shingo ikamuuma. Nilitaka sana aone. Sijawahi kumtakia mtu kitu namna ile, na hakukipata.

Chintan alikuja, mtu wa haraka mwenye koti zito mkononi katika joto la Desemba. Nilibeba begi moja mpaka kwenye teksi. Mama alinipa ufunguo niutunze mpaka mwenye nyumba mpya aje, akanishika mkono na kuubana.

"Kesho ukifungua," akaniambia, "kioo cha dirisha usikifute."

"Kina nini?"

"Usikifute tu."

Nilirudi chumbani kwangu nikalala mapema. Asubuhi nilifungua mlango, nikatundika nguo zangu kama kawaida, ndipo nikatoka barabarani kutazama dirisha. Ile picha safi ya radi ilikuwa imeondolewa. Mahali pake palikuwa na nyingine, kubwa kuliko hiyo. Alikuwa ameipiga picha negativu yenyewe, imelazwa juani, na vumbi lake, na alama za vidole vyake pembeni, na katikati ile ngozi iliyokwanguliwa: kichwa, mizizi mitano. Haikuondolewa doa hata moja. Chini yake, juu ya kioo, alikuwa ameandika kwa wino mweupe wa studio, kwa mwandiko wake wa duara:

Shashi aliona.

Hansa akafuta.

Nilisimama pale mpaka Sadalla akaniuliza kama nimeibiwa. Kisha nikaingia ndani, nikautafuta ule wino, nikaupata juu ya meza yake tupu, kifuniko kimelegezwa. Chini ya mistari yake alikuwa ameacha nafasi ya mstari mmoja. Nikatoka nao nje, nikaandika:

Anifa akacheka.